Kumbukumbu ya Mlango Uliofungwa kwa Sekunde Kumi na Mbili

Enyi mnaotazama kwa haraka na kula kwa haraka, enyi mnaoruka wimbo wa mwanzo na wimbo wa mwisho ili muwahi kulala, wekeni chini vijiti vyenu vya kulia mnisikilize! Habari ninayowaletea si ya ngome kutekwa wala ya mfalme kukimbia na taji kwapani. Hizo ni habari ndogo, na wasimuliaji wake ni wengi. Mimi nawaletea habari ya Isogai Fumino, mwongozaji wa anime, katuni zetu za runinga, Fumino Asiyeharakishwa, binti wa muuza tofu wa Kawagoe, mbeba saa ya sekunde shingoni, aliyesimama peke yake mbele ya jeshi la watu wawili na sanduku moja la biskuti, akaulinda mlango usikatwe. Na msidhani nilihadithiwa. Nilikuwepo, kwa kuwa mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Naitwa Tsukuda. Kazi yangu ni kuhariri picha, na mkasi wangu siku hizi ni kitufe tu kwenye kompyuta, lakini kuua unaua vilevile. Kwa miaka thelathini na moja nimekata mvua ikiwa bado inanyesha, nimekata wapenzi wakiwa hawajamaliza kuagana, nimemkata bibi kizee katikati ya kikohozi chake cha mwisho, wala sijawahi kukosa treni yangu ya saa kumi na moja na dakika nane. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani shujaa ni mimi. Siku ile nilikuwa upande wa mkasi, tena nilikuwa na njaa.

Kilikuwa kipindi cha saba cha mfululizo wetu wa taharuki, uliotolewa katika kitabu cha katuni ambacho wasomaji wake walikifunga usiku na kukiweka chumba kingine. Baba mmoja, mlinzi mstaafu wa shule, binti yake ametoweka miaka mitatu. Kila jioni baba huyo huosha mchele wa watu wawili. Kila jioni anasikia hatua kwenye ngazi za jengo lake, naye husimama nyuma ya mlango, mkono karibu na kitasa, asijue anayepanda ni binti yake au ni yule aliyemchukua. Kitabuni mlango huo umechorwa kurasa mbili nzima bila neno hata moja. Fumino aliugeuza kuwa picha iliyotulia ya sekunde kumi na mbili: mlango, kitasa, mkono wa mzee. Hakuna kinachosogea.

Sasa fahamuni sheria ya runinga, iliyo kali kuliko sheria za majeshi. Kipindi ni dakika ishirini na moja na nusu. Hakizidi hata kwa upana wa kope. Na kipindi chetu, siku ile ya Jumanne mwezi wa Juni, mvua za msimu tuziitazo mvua za plamu zikipiga mabati ya studio yetu huko Nerima, kilikuwa kimezidi kwa sekunde saba. Kesho yake asubuhi waigizaji wangekuja kutia sauti. Kwa hiyo sekunde saba zilipaswa kufa leo, kabla sijavaa koti.

Saa kumi alasiri ikasikika sauti ya viatu vikivuliwa mlangoni, na maadui wakaingia wamevaa sapatu za kijani za wageni. Wa kwanza alikuwa mtayarishaji wetu, Nagumo Mwenye Simu Mbili, mtu ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kutazama saa. Nyuma yake alikuja Sakaki, mjumbe wa wadhamini, mtu mnene, mpole, wa miaka hamsini na kitu, kampuni yake ikitengeneza chai ya shayiri ya kopo. Alikuwa amelikumbatia sanduku lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau.

"Samahanini kwa usumbufu," akasema, akiinama mpaka sanduku likagusa magoti. "Nimewaletea kitu kidogo cha kwetu. Hakina maana yoyote."

Zilikuwa biskuti za mchele, nene kama kifuniko cha chungu, zimechomwa kwa mchuzi wa soya mpaka zikawa ngumu kiasi cha kutishia taji la jino. Na desturi yetu mnaijua: mgeni akileta kitu kwa mikono miwili, hukiweki kando. Tukachukua kila mtu yake. Tukauma. Chumba kikalia kana kwamba watu wanne wanatembea juu ya kokoto.

"Tamu sana," akasema Nagumo, akishika shavu. "Haya, tuanze. Nina kikao saa kumi na moja na nusu. Bi Isogai, tumezidi saba. Ule mlango una kumi na mbili. Kumi na mbili toa saba ni tano. Mzee Tsukuda anakata, tunakwenda."

"Hapana," akasema Fumino.

Hiyo *hapana*, jamani! Katika ofisi zetu mtu hasemi hapana. Mtu husema *tutalitafakari*, au huvuta hewa katikati ya meno na kuinamisha kichwa upande. Fumino aliisema wazi, na mdomoni mwake kulikuwa na biskuti ya mgeni. Sakaki alitazama sakafu kwa adabu, kama mtu aliyekuta wenye nyumba wakigombana.

Nagumo akatoa karatasi. "Sitaki kukuumiza, dada yangu, lakini acha nikusomee walichoandika watazamaji baada ya kipindi cha sita. 'Dakika moja nzima mtu anaosha mchele.' 'Huyu mwongozaji analipwa kwa saa?' Na huyu hapa: 'Nimekwenda chooni, nimerudi, bado anaosha mchele.'"

"Lakini alirudi," akasema Fumino.

"Nani?"

"Huyo wa chooni. Alirudi."

Nagumo akafumba macho. "Bwana Sakaki, wewe ni mtu wa nje, una macho mapya. Mwambie."

Sakaki akameza, akajifuta midomo kwa leso. "Mimi sijui sanaa. Lakini vipindi vyote sita nimevitazama ndani ya treni nikienda kazini, nimeiharakisha picha kwa kasi ya moja na nusu. Nimeelewa kila kitu. Kwa kweli, nilishangaa kumbe mambo yenyewe si mengi."

"Ulisikitika?" Fumino akauliza.

"Kwa kasi ya moja na nusu?" Sakaki alifikiri kwa uaminifu. "Ule mwendo hauachi nafasi."

Ndipo Fumino Asiyeharakishwa akasimama. Ana urefu wa mabega yangu, na goti lake la kushoto hulia akinyooka. Akaishika saa yake ya sekunde kifuani kama mtu anayeshika mpini wa upanga, akanena, na maneno yake nayaandika yalivyotoka:

"Bwana Nagumo, Bwana Sakaki, na wewe mzee unayetazama saa ya ukutani ukidhani sikuoni! Hizi sekunde kumi na mbili sikuziokota. Nilizipanda kwa miguu yangu. Mara arobaini nilipanda ngazi za jengo ninaloishi, saa hii shingoni, nikihesabu mtu aliyechoka anatumia muda gani kutoka ghorofa ya tatu hadi mlango wa ghorofa ya nne. Mara ya ishirini jirani aliniuliza kama nimepoteza funguo. Mara ya thelathini mtunza jengo alinipa chai na kuniuliza kama kuna mtu wa familia anayeweza kuja kunichukua. Hatua saba za kupanda. Kimya cha sekunde mbili mbele ya mlango. Kisha kinachofuata. Ukinipa tano, mzee wa watu anasikia hatua tatu halafu linaingia tangazo! Huyo si baba anayemngoja mwanawe. Huyo ni mtu anayengoja lifti!"

Nagumo akauma biskuti yake. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nisikilize, na nakuambia kwa sababu nakuheshimu. Ulitolewa kwenye mifululizo miwili kwa ajili ya polepole yako. Huu nilikupa mimi, wenzangu wakinicheka. Usipokata, kipindi cha nane nampa Hamasaki, yule ana mkono mwepesi. Wewe utakwenda kwenye lile tangazo la dawa ya meno. Sekunde kumi na tano, jino linacheza ngoma. Nitafanyaje?"

Fumino akaitazama saa yake ya sekunde. Miaka ishirini na sita alikuwa amechora magurudumu, mawimbi na nywele za wasichana wa watu wengine akingoja kupewa hadithi moja ambayo ndani yake mtu anangoja. Sasa alikuwa nayo, na bei yake ilikuwa mezani. Mimi nilikuwa nimeshaweka kidole karibu na kitufe. Naona aibu kusema, lakini nilikuwa namwombea akubali upesi.

"Tufanye hivi," akasema, sauti imeshuka. "Bwana Sakaki autazame mlango mara moja. Mara moja tu, kwa mwendo wake halisi. Ukimchosha, mzee akate, na mimi nitakwenda kwenye jino bila kununa."

Nagumo akatazama saa. Sakaki, ambaye hangeweza kumkatalia mtu jambo dogo hivyo mbele ya biskuti zake mwenyewe, akasema, "Sekunde kumi na mbili? Ah, tutazame," akajituliza kitini na kuchukua biskuti ya tatu.

Nikarudisha picha nyuma. Hapa wasiojua kazi yetu wajue jambo moja: chumba cha kuhariri hakina sauti. Sauti huja kesho yake. Kwa hiyo desturi ni kwamba mwongozaji husoma maneno yote mwenyewe, ya mzee, ya polisi, hata ya paka, na mambo mengine wanaotazama hujijazia vichwani. Lakini hatua za ngazi utazisomaje?

Fumino akavua sapatu zake za kijani. Akatia mikono ndani yake. Akapiga magoti karibu na ukuta, mbali nyuma ya kiti cha Sakaki, goti la kushoto likilia, mwanamke wa miaka hamsini kasoro mmoja amevaa viatu mikononi, na kichwa chake kikatoweka chini ya meza. Nagumo alifunika uso. Ewe mkasi wangu, nipe pumzi niyasimulie yaliyofuata, wala usinikate!

Sekunde ya kwanza, mlango ukatokea kwenye kioo, wa kijivu, rangi imebanduka pembeni. Sakaki alikuwa ameshaitia biskuti katikati ya meno.

Sekunde ya pili, kutoka mbali, chini kabisa karibu na ukuta, ilisikika *tap*. Ilikuwa nyepesi mno hata nikadhani ni mvua.

Ya tatu. *Tap*. Hii haikuwa mvua. Meno ya Sakaki yalikuwa yamekwisha kuishika biskuti, yanataka kufunga, na hapo akatambua, kama sisi sote tulivyotambua kwa pamoja, kwamba chumba kimekuwa kimya kupita kiasi. Akiuma sasa, mzee wa mlangoni atamsikia. Mtu wetu yupi anaweza kufanya hivyo? Akaiacha biskuti ilipo.

Ya nne, ya tano. Fumino alikuwa akisogea kwa viwiko juu ya zulia, anaupandisha mguu mmoja wa mkono baada ya mwingine kwenye ubao wa chini wa rafu, kisha kwenye ubao wa juu yake, na kila hatua ilikuwa nzito kidogo kuliko iliyotangulia, kwa maana mpandaji alikuwa amechoka. Nilijua ni sapatu. Nilizinunua mimi mwenyewe, jozi sita kwa bei ya tano. Lakini nywele za shingo yangu hazikujua, zikasimama.

Ya sita. Simu moja ya Nagumo ikatetemeka mezani, naye akailalia kwa kifua, akaizima kwa uzito wake.

Ya saba. Ya nane. Hatua ya saba ikatua moja kwa moja nyuma ya kiti cha Sakaki. Ikasimama.

Ya tisa. Mlango. Kitasa. Mkono wa mzee. Nilijisikia nasema moyoni, *fungua*, mimi niliyekuja pale kukata. Sakaki alikuwa ameacha kupumua. Jasho limemtoka juu ya mdomo, na biskuti ya kwao ikilowa polepole katikati ya meno yake.

Ya kumi. Bado.

Na ya kumi na moja, *tap*, hatua ikaondoka. Ilipita. Ikapanda juu, kuelekea ghorofa ya tano, na ya kumi na mbili ikawa ndogo zaidi, kisha hapakuwa na kitu. Mkono wa mzee kwenye kioo ulikuwa palepale. Haukuwa umesogea tangu mwanzo.

Picha ikaisha. Chini ya meza Fumino alikuwa anahema. Biskuti ya Sakaki ilivunjika yenyewe bila mlio, kwa kuwa ilikuwa imelainika, akaimeza kama mtoto anavyomeza dawa.

"Zimepita," akasema.

"Ndiyo," Fumino akajibu kutoka sakafuni.

"Nilidhani ni yeye." Akapapasa mifuko yake, akapata leso, hakuitumia. "Samahanini. Natoka kidogo."

Akaenda kwenye ujia na kuvuta mlango nyuma yake, lakini kuta za studio yetu ni za karatasi na matumaini, tukasikia kila kitu. Tulisikia simu ikiita kwa muda mrefu. Kisha sauti yake, nyembamba, ya mtu mwingine kabisa: "Ni baba... La, hakuna aliyekufa. La. Nimepiga tu... Najua, najua una kazi. Huko Sapporo kuna baridi bado?... Ah. Tangu Aprili nilikuwa nasema nitapiga... Umekula lakini?... Basi. Basi, rudi kazini." Hakurudi mara moja. Nagumo aliyasoma maandishi ya kwenye sanduku la biskuti mara mbili. Fumino alikaa chini pale pale, sapatu bado mikononi.

Sakaki aliporudi alikuwa ameosha uso. Akaketi, akanyoosha tai, akaniuliza, "Mzee Tsukuda, kuna ile sehemu ambapo askari anakunywa chai yetu. Ni sekunde ngapi?"

"Tisa," nikasema.

"Mtu wa kawaida anakunywa kwa ngapi?"

"Funda moja? Mbili."

"Basi mbili zinatosha."

Nagumo akaruka. "Bwana Sakaki! Mkataba! Kopo limo kwenye mkataba!"

"Mkataba unasema kopo lionekane. Litaonekana. Hausemi kwamba tumtazame mpaka ameze."

"Na wakubwa wako?"

"Nitawaambia kasi ya kipindi imeongezwa," akasema Sakaki, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Watafurahi. Wanapenda kasi sana."

Nagumo aliangalia simu ya kwanza, akaangalia ya pili, na hazikumsaidia. "Na kipindi cha nane?" akauliza, akijiuliza mwenyewe. Kisha akamwinamia Fumino, si sana, kiasi cha mtu anayeokota kalamu. "Chako. Lakini usinioshee tena mchele."

"Nitautafakari," akasema Fumino.

Basi iandikwe, na watoto wa shule waikariri: mwaka wa sita wa enzi ya Reiwa, siku ya Jumanne, saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni, mimi Tsukuda niliinua mkasi juu ya askari na kopo lake, nikamkata sekunde saba bila huruma, na mlango wa ghorofa ya nne ukabaki mzima. Hapakupigwa tarumbeta. Fumino alitaka kusimama, goti likakataa, tukamwinua watatu, mtayarishaji kwapa moja, mdhamini kwapa la pili, na mimi nikishika sapatu. Treni ya saa kumi na moja na dakika nane niliikosa, kwa sababu niliomba tuutazame mara moja zaidi.

Kipindi kilirushwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kituo cha runinga kina karani wa kuhesabu ujumbe ambao watazamaji huandika kipindi kikiwa hewani, na hesabu yake yote ililetwa studio kesho yake. Tulisoma tukiwa tumesimama. Ujumbe ulikuwa mwingi tangu mwanzo: polepole mno, mbona hakuna kitu, chai ile ni ya kampuni gani, nasinzia. Ulipofika mlango, orodha ilikatika. Fumino alidhani ukurasa umepotea, akampigia karani. Karani akasema hapana, hakuna kilichopotea, hata yeye alidhani mashine imekufa, akaipiga kofi. Katika sekunde ya kumi na tatu uliingia ujumbe elfu nne kwa pamoja, karibu wote ukiwa wa lawama. Lakini katika zile kumi na mbili, kutoka nchi nzima, haukuingia hata mmoja.